Siku Sita, Mwezi Mmoja: Safari ya Filamu Yangu Kwenda Unguja

Jumatano, 3 Septemba 2025. Nyegezi hadi Dodoma

Basi liliondoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, saa 11 na nusu alfajiri. Mizigo yangu: begi la nguo, kompyuta mpakato ambayo bawaba yake imeshikwa na gundi ya karatasi, fleshi mbili zenye filamu ile ile, na kilo tatu za dagaa alizonifungia mama kwa lazima. Nilimwambia Unguja ni kisiwa, watu wa kule samaki wanao. Akanijibu, "Wana wa kwao. Hawa ni wetu."

Filamu inaitwa *Giza la Igombe*, dakika 17. Igombe ni mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, ulioko Ilemela, na mama ameuza dagaa pale tangu kabla sijazaliwa. Kwa asiyejua mambo ya ziwa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola zinazoelea juu ya maboya. Dagaa hufuata mwanga, wavu humfuata dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, mitumbwi inalala nchi kavu. Ndiyo maana wavuvi wetu hawahesabu wiki, wanahesabu giza na mbalamwezi. Pesa iko kwenye giza. Ukimkopesha mvuvi atakwambia, "Nitakulipa giza lijalo," na wote mnajua ni lini.

Nilipiga picha kwa magiza matatu mfululizo, peke yangu, kwa kamera ya mtumba na lenzi moja ya milimita 50. Kurekodi sauti nilifanya mwenyewe, kuhariri nilifanya mwenyewe, hata kubeba maji ya kunywa. Watu wa fani yetu huita hali hii "filamu huru". Mjomba wangu anaiita kukosa kazi.

Tamasha ninakokwenda silitaji jina. Si siri, ila nitasema mengine ambayo si mazuri, na waliolianzisha ni vijana wanaojitahidi. Si ZIFF, lile tamasha kubwa la filamu la Zanzibar lililoanzishwa 1997. Hili ni la usiku mbili, uani kwa nyumba moja ya kale Mji Mkongwe. Niliwaona FilmFreeway, tovuti ya kutuma filamu kwenye matamasha, na hawakutoza ada, na hilo pekee lilitosha kunifanya nijaze fomu. Matamasha mengi ya nje hutoza kwa dola, na dola hairudi hata ukikataliwa. Hawa walisema wana malazi na mlo mmoja kwa siku. Nauli juu yako. Nikaenda kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp. Shangazi wawili walituma papo hapo. Mjomba aliandika, "Ngoja niangalie." Mpaka leo anaangalia.

Shinyanga, Nzega, Igunga, mlima Sekenke. Singida nilinunua chupa ya mafuta ya alizeti kwa ajili ya mama mdogo wa Dodoma, nikalala usingizi hadi Manyoni. Mama alibipu mara tatu njiani. Mama hapigi simu, anabipu. Ukipokea kwa bahati mbaya anakata haraka kama aliyeungua.

Alhamisi, 4 Septemba. Dodoma, Dar, bahari

Mama mdogo alinisindikiza hadi stesheni ya treni ya umeme asubuhi. Kitambulisho mkononi, mizigo kwenye mashine, kama uwanja wa ndege. Sikuwahi kuipanda. Ikishika kasi inafika kilomita 160 kwa saa, na safari ya Dodoma hadi Dar ambayo kwa basi ingenimalizia siku ilikwisha kabla sijamaliza kusoma ratiba ya tamasha. Ratiba yenyewe ilikuwa na makosa: filamu yangu imeandikwa *Giza la Ng'ombe*. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akanitazama.

Boti ya saa 10 jioni. Upepo wa kusi ulikuwa bado haujaisha, na tulipotoka nje ya bandari wahudumu wakaanza kugawa mifuko myeusi kimyakimya. Mimi mtoto wa ziwa nilijua nitasimama imara. Sitaeleza zaidi.

Tuliingia bandari ya Malindi, Unguja, jua likizama. Mwezi ulikuwa umeshapanda upande wa pili, mweupe, umebakiza kidogo kuwa duara kamili. Niliutazama nikaufurahia. Mjinga mimi.

Ijumaa, 5 Septemba

Mfungo Sita. Mji ulikuwa wa Maulidi: kanzu mpya, vijana na dufu, harufu ya udi kila kichochoro. Hakuna kazi ya tamasha leo, kwa hiyo nilitembea. Ngome Kongwe, kisha Beit al-Ajaib iliyozungushiwa uzio tangu sehemu yake iporomoke Desemba 2020, kisha Vuga kuiona Majestic. Mji huu uliwahi kuwa na majumba matatu ya sinema kwa wakati mmoja: Majestic, Empire na Cine Afrique. Majestic ilijengwa mahali palipokuwa na Royal ya mwaka 1921, baada ya hiyo kuungua. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

Sisi Mwanza tulijifunzia sinema kibanda umiza. Mabati, mabenchi, televisheni moja, na sauti ya Lufufu ikitafsiri juu ya sauti za Wachina. Wasichana hatukutakiwa kuingia. Niliingia nikiwa na kofia ya kaka yangu, na nilipokamatwa mama hakunichapa, aliniuliza tu: "Hiyo picha iliishaje?" Nikamsimulia yote, huku tunapembua mchanga kwenye dagaa.

Jioni tulikutana washiriki. Tuko tisa tuliofika kati ya kumi na wanne. Kuna kijana wa Mombasa mwenye filamu ya matatu, yaani daladala za kwao, dada wa Bujumbura, wawili wa Dar, mmoja wa Pemba. Kila mmoja aliulizwa amepata vibali vipi. Sisi wa Bara tulitaja Bodi ya Filamu, wenyeji wakataja BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, yule wa Bujumbura akainua mikono tu. Tukala urojo. Bajia zilikuwa bora kuliko mazungumzo.

Jumamosi, 6 Septemba. Usiku wa kwanza

Saa 6 mchana fundi aliniita kujaribu faili. Uani kuna jua kali, kitambaa cheupe kimetundikwa ukutani, projekta iko juu ya meza ya kupigia pasi. Hakikuonekana chochote zaidi ya jina la filamu. "Picha ipo," akasema fundi, "jua ndilo linaificha. Sauti je?" Sauti ilikuwa safi. Tukaridhika.

Viti vya plastiki kama sitini. Vilijaa kufikia saa 1 kasoro, watoto wakakaa mkekani mbele. Adhana ya Isha ilipoanza filamu ya Pemba ilisimamishwa katikati, mhusika akabaki ameachama mdomo ukutani mpaka wanaume waliporudi msikitini. Hakuna aliyelalamika. Nadhani ilimfaa yule mhusika.

Kisha zamu yangu.

Dakika mbili za mwanzo ni asubuhi, mwaloni, wanawake wanaanika. Watu walitazama vizuri. Halafu filamu inaingia ziwani usiku. Hapo ndipo nilipopaweka roho yangu yote: sura za wavuvi zinazojitokeza kidogo kwa mwanga wa taa iliyo mbali, mikono ikivuta kamba, kisha giza, kisha mikono tena. Nilikuwa nimegredi, yaani nimerekebisha, rangi zake chumbani kwangu, usiku, taa imezimwa, mwanga wa kompyuta umepandishwa hadi mwisho. Kule zilipendeza mno.

Hapa mwezi, umebakiza siku moja uwe kamili, ulikuwa umesimama juu ya ua, na nyumba ya wageni ya jirani imewasha taa kubwa ya usalama inayopiga moja kwa moja ukutani. Kitambaa kilikuwa cheusi. Si cheusi, cha kijivu, kama ubao wa shule uliofutwa kwa mkono. Kwa dakika sita watu sitini walitazama ukuta na kusikiliza makasia.

Unakaa nyuma kabisa, unajua kila fremu inayopita, na unajua kwamba hawaioni. Nyumbani ningebonyeza kitufe, ningesimamisha, ningemwambia anayetazama, "Subiri, sogea hapa, inua kioo kidogo." Hapa hakuna kitufe. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Imezimika?" Mama yake akamjibu, "Nyamaza, wanavua."

Maswali na majibu. Mtu wa kwanza alitaka kujua bajeti. Wa pili, mzee mmoja mwenye kofia ya vitobo, alisimama taratibu: "Dada, kazi yako nzuri. Lakini mie sikuiona. Nimeisikiliza." Uwanja mzima ukacheka, na yeye hakuwa anatania. Akaongeza, "Redio nzuri sana."

Nilicheka na wao. Nilipofika kitandani sikucheka.

Jumapili, 7 Septemba. Usiku wa pili

Saa 1 asubuhi mwandaaji alinigongea. Mshiriki mmoja hakupata viza, kuna nafasi ya dakika 20 usiku, baada ya Isha, saa 2 na nusu. "Unaitaka?" Nilikuwa bado na mswaki mdomoni. Nikatingisha kichwa kukubali.

Nikakaa kwenye ngazi za nyumba ile, mahali penye kivuli, nikafungua mradi wa filamu kwenye kompyuta ili niiongezee mwanga. Kazi yenyewe kwa maneno ni rahisi: unapandisha vivuli, unafungua sehemu za katikati, unalinda taa zisichome. Kwa vitendo ni kuchimba kitu ambacho kamera haikukipata. Ukivuta giza juu, linakuja na takataka zake. Chembechembe zinaanza kuchemka kwenye picha kama dagaa kwenye wavu. Sura ya nahodha ambayo ilikuwa siri ikawa sura ya mtu tu, amechoka, amevaa fulana ya timu. Yule wa Mombasa alikaa ngazi ya juu yangu akitazama. "Usiivuruge sana," akasema. "Utaijutia." Nikamjibu kwamba ya kwake ni matatu mchana kweupe, hana haki ya kusema.

Saa 8 mchana nikaanza kutoa faili. Ilipofika asilimia 70 umeme ukakatika na betri yangu ni ya mapambo. Nikaanza upya saa 10. Saa 12 na robo likakamilika. Nikalitia kwenye fleshi ya pili. Sasa nilikuwa na filamu mbili: ya giza kwenye fleshi nyekundu, ya mwanga kwenye fleshi nyeusi. Sikupanga hivyo.

Habari ya mwezi nilikuwa nimeisikia lakini sikuitilia maanani. Tangu mchana watu walitumiana ujumbe: usiku huu mwezi utapatwa, kupatwa kamili. Saa 1 na dakika 27 ukingo wake ulianza kuliwa. Watoto waliona kwanza. Kufikia saa 2 na dakika 20 ulikuwa umebaki kama kucha, na kelele za mji zikashuka, sijui kwa nini, kama mtu amepunguza sauti ya redio. Saa 2 na nusu, dakika ile ile filamu yangu ilipotakiwa kuanza, ukafunikwa wote. Haukutoweka. Ukawa mwekundu wa kahawia, rangi ya mafuta ya mawese yaliyotulia.

Na vipaza sauti vya misikiti vikaita: *Asswalatu jaamia.* Swala ya kupatwa kwa mwezi.

Uwanja uliinuka. Siyo wote, lakini zaidi ya nusu. Mwandaaji alinitazama kwa jicho la kuomba radhi. "Tutawasubiri," akasema. "Ni refu hii swala." Nikasema tusubiri. Ningesema nini? Nilikuwa nimezunguka nusu ya nchi kuja kuonyesha giza, Mungu ameleta giza lake, na watazamaji wamekwenda kumshukuru yeye.

Nilibaki na akina mama kadhaa, watoto, wageni wawili na yule dada wa Bujumbura. Nyumba ya wageni ya jirani wakazima ile taa ya usalama ili wageni wao wauone mwezi kutoka darini. Nikaangalia kitambaa. Kwa mara ya kwanza tangu nifike kilikuwa cheusi kweli.

Fundi akaniuliza, "Fleshi ipi?"

Ilinibidi niamue hapo hapo, na sikuwa na muda wa kujaribu. Ile nyeusi ilikuwa na kazi ya siku nzima, ndiyo niliyoahidi. Ile nyekundu ndiyo iliyoniaibisha jana. Kama watu watachelewa na mwezi ukaanza kufunguka, nyekundu itaniaibisha tena. Kupatwa kamili kungechukua dakika 82. Kungeisha saa 3 na dakika 52. Filamu ni dakika 17. Nikapiga hesabu kwa vidole kama muuza dagaa.

Walianza kurejea saa 3 na dakika 20, kanzu nyeupe zikiingia gizani mojamoja. Nikampa fundi ile nyekundu.

Sitaeleza jinsi ilivyoonekana. Mtu hawezi kujisifia kilichofanywa na kivuli cha dunia. Nitasema tu kwamba nahodha alipotokeza sura yake dakika ya nane, mtoto yule yule wa jana alisema, "Huyo hapo!" Na wavu ulipopanda, kuna mwanamke upande wa kushoto alivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayejua uzito wake.

Iliisha saa 3 na dakika 43. Baadaye ukingo mmoja wa mwezi uliwaka na watu wakapiga makofi tena, safari hii si kwa ajili yangu.

Yule mzee wa kofia alinikuta mlangoni. Hakusifia. "Kwetu hatuvuti hivo," akasema, "nyie mwavuta kama mwagombana na nyavu." Kisha: "Kesho hakuna pwani, mbalamwezi. Njoo kijijini Kama, wake zetu wapo dikoni. Uwaoneshe hiyo."

Tuzo zilitolewa saa 4. Alishinda wa Pemba. Nilipata cheti, jina la filamu limesahihishwa kwa kalamu.

Jumatatu, 8 Septemba. Kama

Daladala ya 502 hadi Bububu, kisha bodaboda. Tunachokiita sisi mwalo, wao wanakiita diko, na kinanuka vilevile. Dagaa wao wa baharini huchemshwa kwenye maji ya chumvi kwanza, kwenye masufuria makubwa yenye masizi ya miaka, ndipo waanikwe juani. Leo masufuria yalikuwa matupu. Wanawake saba walikuwa wanayasugua kwa mchanga na makumbi, wengine wanashona nyavu za kuanikia. Siku za mbalamwezi mama naye hufanya kazi hizo hizo. Mikono ilinifanya niwe kwetu kabla sijasalimia.

Yule aliyevuta pumzi jana alikuwemo. Bibi wa makamo, sauti nene. "Weye ndo mtoto wa dagaa," akasema. "Haya, tuoneshe. Jana nilikaa nyuma ya nguzo."

Jua la saa 5. Kioo cha kompyuta kiligeuka kioo cha kujitazamia, hakuna picha. Nikajaribu kivulini, hola. Bibi akavua kanga yake ya juu, akatufunika wote: yeye, mimi, wenzake wawili na kompyuta. Ndani palikuwa na joto, moshi na harufu ya karafuu. Wengine wakangoja zamu. Tulitazama hivyo mara tatu, watu wanne wanne, na kila kundi lilitoka na jasho na hoja.

Hoja kubwa ilikuwa mchanga. Dakika ya kwanza tu, wanawake wa Igombe walipoonekana wakimwaga dagaa ufukweni, chini ya kanga kukalipuka. "Mbona mwaanika mchangani?" "Atautafuna nani huo?" Nilijitetea: siku hizi wapo wanaoanika kwenye vichanja, ila mbao na nyavu ni gharama, na dagaa wengi wa mchanga huishia kwenye chakula cha kuku. Nikatoa kilo tatu za mama. Bibi akachukua mmoja, akamtafuna pembeni pembeni, akasikiliza meno yake. "Mtamu," akasema. Akatema. "Mchanga."

Hakuna aliyezungumzia mwanga, vivuli wala nahodha. Walitaka kujua wanawake wale wanauziwa ndoo kwa bei gani mtumbwi ukitia nanga, nani anapanga hiyo bei, na kama wanunuzi wa Kongo wanafika hadi kule kama wanavyofika hapa. Bei sikuijua. Nimetengeneza filamu ya dakika 17 kuhusu dagaa na sikuijua bei ya ndoo.

"Mamako yu hai?" bibi akauliza. "Mpigie."

Nikapiga. Mama akapokea kwa woga, akidhani nimeumia. Nikamwambia kuna mtu anataka kumwamkia, nikampa bibi simu. Walianza na salamu, zikaenda hadi wajukuu. Kisha bei ya ndoo. Kisha mama, nilimsikia, akaulizia ile habari ya kuchemsha: chumvi kiasi gani, kuni za nini, na je, hawavunjiki vichwa? Bibi alikaa chini kabisa, akanyoosha miguu. Kamera ilikuwa begani kwangu. Niliigusa, nikaiacha.

Walikuwa wamefika kwenye suala la nani anastahili kumkopesha mvuvi wakati salio langu lilipokata. Bibi akaitazama simu, akanirudishia kama kitu kilichovunjika mkononi mwake.

Haikupita dakika, ikaita. Nilisubiri ikate, maana ni bipu. Haikukata. Iliendelea kuita, nikapokea.

"Mpe yule bibi," mama akasema.